Video ya mama anayefagia dagaa mchangani: mimi ndiye niliyekuwa mwenye ile page

Wakuu, amani iwe kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Leo sijaja na ya mahusiano wala kuuliza bei ya viwanja. Nimekuja na hasira. Nimejaribu kuipoza imegoma, basi naiandika. Yote nitakayosema yametokea, na walioko huku Mwanza baadhi yao wanaijua hiyo video ninayoizungumzia. Uzi una urefu kidogo, kwa hiyo anayesoma avute kiti.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, naishi Buhongwa. Kabila langu Mhaya. Najua mlivyo, malizeni kwanza utani wenu wa Wahaya na majivuno.

Mmemaliza? Tuendelee.

Zamani nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Hoteli ikapata mmiliki mpya, mmiliki mpya akapata wafanyakazi wapya, na mimi nikajikuta nyumbani nakunja nguo za watoto. Sikutaka kukaa hivyo. Nikaanza biashara ya dagaa.

Sasa msinicheke. Dagaa wa ziwa letu ni watamu, ila kila mtu anajua kero yao ni mchanga. Unapika vizuri, unaweka nyanya, unaweka kitunguu, halafu unatafuna unasikia kwaru. Hiyo ni kwa sababu sehemu nyingi wanaanikwa chini. Mimi nikasema nitauza dagaa walioanikwa juu ya chanja, kwenye wavu, wasiogusa ardhi kabisa. Nikaweka kwenye pakiti nzuri, nikaandika "Dagaa wa Mama Koku". Koku ni binti yangu wa kwanza.

Aliyenianikia ni mama mmoja wa Kisukuma, nitamwita Mama Kabula. Yuko kwenye mwalo mmoja, ufukwe wanaposhushia samaki, upande wa Ilemela, na jina la mwalo nalihifadhi, mtaelewa kwa nini. Ni mtu mzima, anazidi hata umri wa mama yangu mdogo. Wavuvi wakitoka ziwani asubuhi yeye yuko pale tayari na beseni lake.

Chanja nilijenga mimi, kazi akawa anafanya yeye. Alikuwa anaosha dagaa kwa maji matatu kabla ya kuwamwaga kwenye wavu, na ukimharakisha anakufukuza. Kusema kweli ile biashara ilikuwa yake kuliko yangu. Mimi nilikuwa na pakiti na simu tu.

Wateja walikuwepo. Dar, Dodoma, Arusha, watu wananiandikia WhatsApp, nawafungia mzigo, unapanda basi, kesho wanapokea. Tatizo lilikuwa page ya Instagram. Followers wangu walikuwa ndugu, wanajumuiya wenzangu, na akaunti kadhaa za waganga wanaorudisha mpenzi aliyepotea.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu.

Anaitwa Deo, mdogo wake mume wangu. Amesoma masoko chuoni, anajua kuongea, na wakati huo alikuwa anakaa kwetu akitafuta kazi. Mume wangu akaniambia, mpe Deo ile page aikuze, elimu yake isikae bure. Nikaona ni wazo zuri. Deo akafungua page upya kwa namba yake na email yake. Mimi nikaona sawa tu, si shemeji? Ni mtu tunayekula naye sufuria moja.

Mwanzoni alifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Picha zikawa kali. Dagaa wakawa wanang'aa kwenye simu mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuagiza.

Lakini followers walikuwa wanapanda kwa kujivuta, naye akawa anakereka. Siku moja tunakula akaniambia neno ambalo nililichukulia utani.

"Shem, watu hawafuati kitu kizuri. Watu wanafuata ugomvi. Tutafute ugomvi."

Nikamwambia dagaa wangu hawana ugomvi na mtu, akacheka, tukaendelea kula.

Baadaye kidogo nikapata msiba Bukoba, baba yangu mkubwa alifariki. Nikaondoka. Kabla ya kuondoka Deo akaniambia anataka kwenda mwaloni kufanya live, awaonyeshe watu tunavyoanika. Nikamwambia asubiri, sasa hivi ni mbalamwezi.

Kwa mliozaliwa mbali na ziwa, niwaeleze. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala kwa wake zao. Chanja zinakuwa tupu. Ukienda mwaloni wakati huo kutafuta dagaa wabichi ni sawa na kwenda kanisani Jumatatu kutafuta misa kubwa.

Deo hakusubiri. Mtu wa masoko hana habari na mwezi.

Alifika akakuta chanja zangu tupu, hakuna cha kurusha. Lakini Mama Kabula alikuwepo. Siku za nyuma mvua ilinyeshea mzigo wa dagaa wa wenzake. Dagaa wakinyeshewa wanabadilika rangi, hawafai kuliwa na watu tena, wanauzwa kwa watengeneza chakula cha kuku. Hiyo ni biashara halali, ya miaka yote, na hakuna anayeificha. Mama Kabula alikuwa amewamwaga chini, anawageuza kwa fagio wakauke, wachukuliwe.

Alipomwona Deo akampokea kama mwanawe, kwa sababu ni shemeji yangu. Akamwekea kigoda. Akampikia ugali na sato. Deo akanawa, akala, akashiba, akashukuru. Kisha mama akarudi kwenye kazi yake.

Na Deo akatoa simu.

Haya niliyajua baadaye. Mimi wakati huo nilikuwa kijijini kwetu, kwenye migomba, mtandao unakuja na kuondoka. Nikaanza kuona simu inalia mfululizo. Followers wanaongezeka. Nikiangalia tena wameongezeka tena. Watu wanauliza bei, wanauliza mnatuma Mbeya, mnatuma Zanzibar. Video ilikuwa haifunguki, inazunguka tu. Nikafikiri Deo ameitoa ile live, watu wamependa. Nilimpigia kumshukuru, wakuu. Nilimwambia Mungu akubariki shemeji.

Nilipomaliza msiba nikapanda basi kurudi. Siku hizi daraja lipo, hatupangi tena foleni ya kivuko, safari ni nyepesi. Nikashuka Usagara ninunue matunda ya watoto ndipo niendelee nyumbani. Pale kwa muuza matunda kulikuwa na akina dada wawili wameinamia simu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mmoja akanigeuzia ile simu, akaniambia dada hebu muone huyu mama mchafu.

Nikaangalia.

Ni Mama Kabula. Sura yote inaonekana. Ameinama, anafagia dagaa kwenye mchanga, kuku anapita katikati, muziki wa kutisha chini yake. Juu kumeandikwa kwa herufi kubwa: HIKI NDICHO UNACHOKULA. Halafu picha inabadilika, inakuja pakiti yangu, safi, na maneno: Epuka uchafu, agiza kwa Mama Koku.

Kitenge alichokuwa amejifunga ni kile nilichomnunulia Krismasi.

Nilikaa juu ya begi langu pale pale barabarani. Yule dada akaniuliza kama naumwa. Matunda sikununua.

Nyumbani nilimkuta Deo sebuleni, anachaji simu. Nilimwambia afute. Sikusalimia, sikuvua viatu, nilisema futa.

Akaniambia nitulie. Akaanza kunisomesha kuhusu algorithm, kuhusu reach, kuhusu kwamba brand kubwa zote zinajilinganisha na mpinzani. Nikamwambia yule si mpinzani, yule ndiye anayeanika dagaa waliomo kwenye hiyo pakiti. Na wale wa kwenye video ni chakula cha kuku.

"Shem, mimi na wewe ndio tunaojua hilo," akasema. "Follower hajui. Ukifuta hii video umefuta page."

Wakuu, nimelelewa vizuri, na mama yangu yuko hai, kwa hiyo niliyomjibu siyaandiki yote. Hili moja naliandika.

"Mama yako kule Bukoba anaanika kahawa kwenye mkeka, chini, kuku wanapita. Nikampige video niandike hii ndiyo kahawa mnayokunywa?"

Akainamia simu yake. Mkuki kwa nguruwe. Lakini hakufuta.

Mume wangu aliporudi nikadhani nimepata msaada. Akasikiliza, akakuna kichwa, akasema Deo amekosea ila nia yake ilikuwa njema, na oda si zimekuja? Tuiache kidogo halafu ataitoa taratibu. Akamalizia kwa lile neno ambalo wanaume wengi humu mnalipenda, yaishe. Yaishe kwa nani? Kwa nani hasa?

Nilisoma comments siku ile, na ningeshauri hakuna mtu asome comments akiwa na hasira. Kuna aliyeandika akamatwe. Kuna aliyetukana kabila zima la Wasukuma. Kuna aliyesema mikono ya huyo mama ikatwe, na watu wamempa likes kama mvua. Hao ndio followers wangu wapya. Hiyo ndiyo brand ilivyokua.

Kulipokucha nikaenda mwaloni peke yangu.

Mnajua salamu ya Msukuma ilivyo ndefu. Atakuuliza umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje hata kama huna ng'ombe. Siku ile akina mama niliowazoea waliniitikia kwa neno moja na kuendelea na kazi zao. Mmoja akanionyesha kwa kidevu kwamba Mama Kabula yuko nyumbani.

Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Hana simu ya kuonyesha video, ana kale kadogo ka tochi. Nikataka kujua ameambiwa nini na nani. Akaniambia hakuna aliyemwambia. Ameonyeshwa.

Kulikuwa na msiba kwa jirani. Sasa pale mwaloni msiba ukitokea, Mama Kabula ndiye anayesonga ugali wa watu wote. Ile sufuria kubwa, mwiko kama kasia, ni yeye. Siku hiyo alifika, akajifunga kanga kiunoni, akaenda jikoni kama kawaida. Wakamwambia kwa upole apumzike, akakae na wageni.

"Mayu, nimepika misiba ya hapa tangu sina mvi," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma chake. "Juzi nikakalishwa kwenye kiti. Nikaletewa chakula. Nikajua nimekuwa mchafu."

Alisema hivyo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na alinibembeleza yeye, jambo ambalo linaniuma mpaka leo.

Nikarudi mjini nikamwambia mume wangu mbele ya mdogo wake kwamba ama Deo anakwenda kuomba radhi pale mwaloni, ama mimi na wanangu tunakwenda Bukoba na tutawaeleza wazee wa ukoo sababu. Hilo la wazee likaingia. Mhaya unaweza kumtishia polisi asitikisike, mtishie wazee wa ukoo.

Deo akakubali haraka, mpaka nikashangaa. Tukanunua kanga na sukari, maana huendi kuomba radhi mikono mitupu. Tukafika. Akina mama wakakusanyika, wengine na mabeseni yao. Mama Kabula akatoka. Deo akapiga goti kabisa, akainua kile kifurushi kwa mikono miwili, akaanza kuongea kwa sauti ya huruma ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimeanza kumsamehe.

Mama Kabula hakuwa anamwangalia Deo. Alikuwa anaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Kuna mtumbwi ulikuwa umepinduliwa unapigwa lami, na juu yake, imeegemezwa kwenye jiwe, ilikuwa simu ya Deo. Inarekodi.

"Ulinipiga picha hukuniuliza," Mama Kabula akamwambia, taratibu. "Leo umekuja kuniomba radhi, unanipiga picha tena hukuniuliza. Sasa radhi unaniomba mimi, au unawaomba hao walioko kwenye simu?"

Deo akasimama akaanza kujieleza. Eti ni kwa faida ya mama mwenyewe, watu waone, jina lisafishwe, ile video ya kwanza imefika mbali kwa hiyo hii lazima ifike mbali zaidi. Alikuwa anaamini anachosema, wakuu. Hapo ndipo nilipomwogopa kidogo.

Niliichukua ile simu mwenyewe. Nikamshika mkono nikamwambia weka kidole, fungua, futa. Zote mbili. Akafuta huku akina mama wamemzunguka wanatazama. Alifuta kwa uchungu kama anachinja mbuzi wake.

Nikashusha pumzi. Nikamwambia Mama Kabula imeisha mama, haipo tena.

Ndipo mama mmoja wa pale akatoa simu yake kwenye kanga. Akatuonyesha. Dada yake wa Geita alimtumia. Ilikuwa ile ile video, ila jina langu halipo, pakiti haipo, Instagram haipo. Imebaki mama, fagio, kuku, na maandishi mapya ambayo sitayarudia humu. Ilishakatwa, ikashonwa, ikaingia kwenye magroup ya WhatsApp. Deo akaiangalia mpaka mwisho, akamrudishia mwenyewe simu yake.

Mama Kabula akakataa kanga na sukari. Akasema kama kweli nataka kumsafisha, nije nile kwake siku ya Jumapili, mchana, nje, kila mtu akiona. Nije na mume wangu na huyo shemeji. Simu tuziache nyumbani.

Jumapili nilikwenda na mume wangu. Deo alisema tumbo linamsumbua. Tumbo lile lile lililokula sato wa huyo mama na kushiba.

Tulikaa uwanjani kwenye mkeka. Akasonga ugali mbele yetu, akakaanga dagaa kwa nyanya. Mume wangu, ambaye alisema yaishe, alikula akiwa ameinamisha kichwa. Mwanzoni tulikuwa wenyewe. Majirani walikuwa wanapita wanasalimia wanaendelea. Baadaye akaja mzee mmoja wa pale, akanawa bila kuitwa, akakaa. Kisha akina mama wawili. Wengine hawakuja, na mpaka leo hawajaja.

Sasa mtaniuliza page iko wapi.

Page anayo Deo. Namba yake, email yake, mnakumbuka. Alipohama kwangu alihama nayo, akabadilisha jina. Leo ni page ya udaku wa mastaa. Nimeiangalia kabla ya kuandika huu uzi. Wale watu wote waliokuja kwa ajili ya dagaa safi, waliotukana, walioapa hawatakula tena dagaa wa mchangani, bado wapo, wanacomment nani kaachana na nani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza dagaa wameenda wapi.

Mimi nauza kwa wateja wangu wa zamani wa WhatsApp, na kwenye kibanda hapa Buhongwa. Mama Kabula bado ananianikia zile siku ambazo hakuna mbalamwezi, ila sasa anaanika akiwa amefunga uso kwa kanga, na mtu akipita na simu mkononi anageuka anampa mgongo. Kwenye misiba bado wanamwekea kiti.

Mnataka funzo, najua, uzi bila funzo mnaulalamikia. Page ya biashara yako ifungue kwa namba yako, hata kama anayekusaidia mmenyonya ziwa moja. Na mtu akikuambia followers wanapatikana kwa ugomvi, muulize kwanza anayepigwa ni nani. Mimi sikuuliza kwa sababu nilifikiri ni mzaha wa mezani.

Lakini sikuja kwa ajili ya funzo. Nimekuja kwa sababu juzi nimeiona tena, kwenye group la wazazi wa shule ya mtoto wangu, imetumwa na mtu mwenye heshima zake, na wenzake wameweka vikatuni vya kutapika.

Kwa hiyo kama unayo kwenye simu yako, ifute. Kama uliituma kwenye group, rudi kwenye hilo group uwaambie kwamba wale ni dagaa wa kuku, na yule mama anaosha dagaa wa watu kwa maji matatu.

Na kama ulicheka, uwanja ni wako, andika hapa chini kilichokuchekesha. Yeye hana akaunti ya kuwajibu. Mimi ninayo, na leo sina kazi nyingine.